Hodi ya Pili

Ukungu umelala Padova tangu Jumatatu.
Ornella Zanchetta ameegesha baiskeli,
amevua glavu za sufu, amevaa za mpira,
anainamia kisahani chenye vishimo tisini na sita
akingoja rangi.

Kishimo kikibaki kama maji, mlango u wazi.
Kikigeuka njano, damu inamkumbuka mgeni.

Mgeni mwenyewe si kitu.
Ni ganda la kirusi: amekikwangua ndani
kama akwanguaye ukoko wa chungu,
akatia waraka mfupi,
namna ya kugandisha damu,
na anwani moja tu: ini.
Matarishi matrilioni, barua ileile.

Mgeni njoo, mwenyeji apone,
walisema waliosema.
Hawakusema itakuwaje
mwenyeji akiwa na kumbukumbu ndefu.

Elvio na Ruggero Bortolin
walirithi kwa mama mmoja kosa moja la tahajia.
Wanatengeneza baiskeli chini ya matao ya mtaa wa nyuma,
magoti yamevimba kama mikate,
kila mmoja na sindano zake kwenye friji, kando ya jibini.
Walikuja pamoja, wakakunja mikono ya mashati pamoja.

Cha Elvio: maji.
Cha Ruggero: njano, njano ya kiini cha yai.

Pengine ni mafua ya chekechea, ya siku tatu,
yaliyopanda na kirusi mgongoni kama abiria asiyelipa.
Mama yao hayakumbuki.

Elvio akatundikiwa mfuko, saa moja na nusu,
akasoma gazeti la michezo.
Wiki ya tatu: thelathini kwa mia.
Wiki ya saba mlinzi akanusa ugeni katika nyumba njema,
akaanza kuibomoa nyumba.
Vimeng'enya vya ini vikapanda. Zikaja steroidi
kumlaza mlinzi bila kumuua;
Elvio akavimba uso, akakesha,
akagombana na mkewe juu ya chumvi.
Namba ikashuka, ikashuka,
ikasimama kwenye kumi na moja.

Kumi na moja!
Ornella aliipigia mstari daftarini, mara mbili.

Mwezi wa Machi simu ililia:
"Daktari, mnyororo umenikata kidole.
Nimekaa kwenye kiti nikiitazama damu
kama mtu anayengoja basi.
Imeacha kuja."
Akacheka. Kisha akanyamaza,
na nyuma yake ikasikika sauti ya kaka mtu:
"Muulize. Muulize na mimi lini."

Angemjibu nini?
Kwamba damu yake haina kosa,
kwamba kumbukumbu hiyohiyo ndiyo iliyomvusha
surua, na homa za baridi arobaini na mbili?
Nani amfokee bawabu kwa kutosinzia?
Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka,
na huu ni ung'ongo, Ruggero, ung'ongo mtupu,
lakini nani ataiambia damu?

Basi amekopa mkasi kwa bakteria,
kimeng'enya kinachokata kingamwili katikati
na kuacha upenyo wa saa chache
kabla mwili haujafua nyingine.
Kwenye panya ulifanya kazi.
Kwenye panya mambo mengi hufanya kazi.

Leo vishimo vyote ni vya mtu mmoja.
Damu ya Ruggero, mkasi, ganda.
Jaribio la arobaini na moja.

Rangi inakuja polepole.
Si maji. Si kiini cha yai.
Ni chai iliyozidishwa maji,
chai ya mgeni wa nne katika birika la watatu.
Anaandika namba. Hapigi mstari.

Saa mbili usiku anarudi akikokota baiskeli,
breki inalia. Taa ya karakana inawaka bado.
Anasimama nje ya kioo, hajabisha hodi.

Ndani, Ruggero ameinua gurudumu usawa wa sikio,
anazigonga spoki kwa ukucha, moja baada ya moja,
akisikiliza ipi imelegea.